Darubini ya mezani na kijiti cha redio, nimevipima kwa foleni ya mtaa

Kila rivyu ya darubini niliyowahi kusoma kaandika mtu mmoja yuko peke yake uani kwake, giza totoro, kikombe cha kahawa pembeni, anahesabu mistari ya sayari ya Mshtarii. Sa mimi ukinipa darubini swali langu ni moja tu, watoto arobaini na bibi wawili na dereva boda mwenye haraka wakipanga mstari, hiki kitu kitafika mwisho wa foleni kikiwa kizima? Na yule wa mwisho ataona kitu au ataona kope zake mwenyewe?

Niko Tanga, Ngamiani. Jumamosi baada ya isha, mawingu yakiruhusu, naweka vitu vyangu mbele ya saluni ya kunyoa, bure, anayepita anachungulia. Nimeanza Agosti 2025 kwa hiyo nna miezi ya kutosha kusema. Hakuna aliyenilipa, vyote nimenunua kwa hela yangu, na mke wangu anajua bei ya kimoja tu kati ya hivi viwili.

Naanza na darubini. Ni ile ya mezani aina ya Dobson, kioo cha milimita 130, urefu wa fokasi (toka kioo mpaka picha inapokusanyika) milimita 650, inakuja na lenzi za jicho mbili, ya milimita 25 na ya 10. Kampuni siitaji maana huko mbele nitaisema vibaya alafu watu waseme nna ugomvi nao, isitoshe zipo kampuni kadhaa zinatoa kitu kilekile rangi tofauti. Nimeichukua Dar kwa kaka mmoja alikuwa anahama, laki tatu na themanini, used. Ikapanda basi mpaka Tanga nimeipakata, konda akaniuliza kaka hiyo ni ngoma ya wapi.

Kwa nini Dobson na sio ile ya miguu mitatu? Huyu John Dobson alikuwa mtawa wa Kivedanta, mapokeo ya Kihindu, huko San Francisco, akawa anajitengenezea darubini za makaratasi magumu na vioo vya madirisha ya meli, anazikokota nje anawaonyesha majirani, mpaka 1967 wakamtoa kwenye utawa. Mwaka uliofuata akaanzisha na wenzie kikundi cha kuweka darubini barabarani wapita njia wachungulie bure. Yani hiki kitako cha mbao kinachozunguka kwa kusukuma na mkono, hakina mota, hakina skrubu za kuchanganya, kilibuniwa na mtu aliyekuwa na foleni mbele yake kama mimi. Na inaonekana. Mtoto akija na mikono yote miwili akaikumbatia, haianguki, inazunguka tu, unairudisha. Ile ya miguu mitatu nilishawahi kuazima, mtoto wa kwanza aligusa mguu mmoja na usiku ukaishia hapo.

Ila kutokuwa na mota kuna bei yake. Dunia inazunguka, ukiweka lenzi ya 10 unakuza mara 65, na sayari inakatisha duara lote unaloona kwa kama dakika 3 tu inatoka. Mwanzoni nilikuwa naiweka katikati, watu watatu wanaona, wa nne anasema "mbona giza". Siku hizi naitega kwenye ukingo inapoingilia, naiacha itembee yenyewe, na kila mtu ana sekunde ishirini na kidogo, nahudumia watu sita kabla sijaigusa tena. Hiyo hesabu hutaikuta kwenye kijitabu kinachokuja nayo. Na faida nyingine sikuitegemea, watoto wanaona kwa macho yao kuwa sayari inakimbia, alafu unawaambia hapana anayekimbia ni wewe na Tanga yako. Kuna kitoto kimoja kilishika ukuta.

Urefu. Hii ndo inaitwa ya mezani na hapa meza hakuna, nimeiweka juu ya makreti mawili ya soda yaliyolaliana. Kwa mtoto wa darasa la pili hadi la sita ni sawasawa kabisa. Mtu mzima anainama. Wazee wanaletewa kiti, na kiti ndo kifaa muhimu kuliko lenzi zote, narudia tena, kiti, maana mtu akisimama kwa kujikunja hatulii na asipotulia haoni. Yule bibi wa nyumba ya tatu wiki ya kwanza alisema haoni kitu, nikajua ni mtoto wa jicho, wiki ya pili nikamletea kigoda akakaa vizuri, akanyamaza muda mrefu sana, foleni ikaanza kunung'unika.

Alichokuwa anatazama ni Zohali, ile sayari ya pete. Sa hapa niseme ukweli, mwaka 2025 Zohali haikuwa ile ya kwenye picha. Pete zake mwaka huo zilikuwa zimetugeuzia ubavu, Machi zilikaa kimo chetu kabisa, zikafunguka kidogo mpaka Julai alafu zikarudi kujifunga hadi Novemba, kwa hiyo Septemba tulichoona ni kijidonge na kamstari kamekichoma katikati. Bibi aliponyanyua kichwa akasema, "Mjukuu wangu, hiki ni kitunguu kwenye mshikaki." Nimejaribu kutafuta maelezo bora zaidi ya hayo, sijapata. Kama umeona mwaka huo ukakata tamaa usiuze darubini, pete zitazidi kupanuka mpaka kama 2032.

Kuna tatizo lingine la Zohali ambalo mzungu anayeandika rivyu yuko Uingereza hawezi kukwambia maana halimkuti. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Septemba ile Zohali ilikuwa inapita karibu juu ya utosi kabisa, tena sio mfano, ukisimama wima unaitafuta juu ya kofia. Na kitako cha Dobson kinachukia utosini. Bomba likishasimama wima ukisukuma kulia au kushoto linajizungukia tu palepale halisogei angani, unahangaika kama mtu anayeparamia mnazi uliopakwa mafuta. Dawa yake ni kuikamata mapema, saa 3, saa 4 usiku ikiwa bado ubavuni, ikishafika saa 5 wapeleke watu kwenye kitu kingine.

Mshtarii ndo haijawahi kuniangusha. Kuanzia Januari 2026 ikawa inachomoza jioni, hata kwa ile lenzi ya 25 unaona miezi minne imejipanga mstari, hiyohiyo aliyoiona Galileo 1610, na darubini yake ilikuwa dhaifu kuliko hii ya makreti. Binti mmoja wa darasa la tano akawa anakuja na daftari la hesabu anachora vidoti. Jumamosi hii viwili kushoto viwili kulia, Jumamosi ijayo vitatu upande mmoja, kimoja hakipo. Akanijia mbio, kaka mmoja umeibiwa! Ulikuwa nyuma ya sayari. Ule wa ndani, Io, unamaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu, kwa hiyo hata kesho yake usiku hauwezi kuukuta ulipouacha. Nikamwambia aje siku mbili mfululizo aone mwenyewe, akaja, mama yake akaja nyuma yake na fimbo maana ilikuwa siku ya shule. Na yeye akachungulia.

Mwezi sina haja ya kueleza sana, uonyeshe ukiwa nusu, usiuonyeshe ukiwa mpevu maana mwanga unawapiga watu usoni na mashimo hayana vivuli. Mtoto wa muuza mihogo alisema umeiva upande mmoja kama mkate wa kumimina.

Ila usiku mkubwa kuliko wote darubini haikuhitajika hata. Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, mwezi kupatwa. Kwetu ulianza kuliwa saa 1 na nusu usiku, ukafunikwa wote kuanzia saa 2 na nusu mpaka karibu saa 4, saa nzuri kabisa, watoto hawajalala. Watu wametoka msikitini kuswali swala ya kupatwa wanapita palepale, mwekundu kama tofali. Kwa lenzi ya 25 mwezi wote unaenea na nafasi inabaki, na rangi inatoka vizuri zaidi ya kwa macho, kingo moja kama ya bluu hivi. Ila niliona watu wanachungulia sekunde tano wanarudi kusimama katikati ya barabara wanaangalia kwa macho, pamoja, wanaongea. Nikaacha kuita foleni nikatoka na mimi.

Na nisisahau hii. Mwezi wa kumi na mbili nimeelekeza kwenye Kilimia, kile kikundi cha nyota, najiandaa kuwafundisha watu, bibi yule yule akanikata, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua," anasema babake alikuwa mkulima Pangani anakitegemea hicho. Nikaenda kuangalia, kweli, Kilimia kinapotea magharibi kwenye mwezi wa tano, masika, kinaonekana tena alfajiri kwenye mwezi wa sita mvua zikiwa zimekatika. Sikuwa najua. Nilikuwa nakijua kwa namba, M45. Kwa macho wengi hapa mtaani wanahesabu nyota sita, kwenye darubini zinakuwa rundo, kila mtu anatoa "yalaa".

Mabaya sasa. Bomba la hii darubini liko wazi sehemu ya juu, fito mbili tu zinashika kioo kidogo, na taa ya barabarani inaingia moja kwa moja inafifisha picha yote. Nilinunua kaniki nikashonea kama kanzu, shilingi elfu chache, tatizo likaisha, lakini jamani mtu anauza kitu cha laki kadhaa anashindwa kuweka kitambaa? Pili hewa ya bahari. Chumvi na unyevu vinakula kioo. Mimi ikirudi ndani naifunika, inakaa kwenye ndoo kubwa yenye mfuniko pamoja na mchele kwenye soksi, cheka tu, na kioo sijakifuta hata mara moja maana kukifuta ndo kukikwangua. Tatu ile nukta nyekundu ya kulengea inatumia betri ya kidonge na swichi yake ni laini mno, watoto wanaiwasha inakesha. Nimebadilisha betri mara nne. Nne, fokasi, yani ile sehemu ya kunyoosha picha iwe safi, inazungushwa kama mfuniko wa chupa, imelegea, kila kidole kikigusa picha inayumba. Nikaifunga utepe wa fundi bomba ule mweupe kwenye nyuzi zake, ikakaza.

Na jambo moja sio utani, mchana darubini inakaa imefunikwa na iko ndani. Mtoto akiielekeza kwenye jua akachungulia jicho limekwenda.

Sasa kijiti. RTL-SDR, kipokea redio cha kuchomeka kwenye kompyuta, kama flashi ya USB, nilinunua dola 40 hivi na antena zake, bado ushuru na usafiri. Chipu yake iliundwa kwa ajili ya kuangalia TV kwenye kompyuta, ikafika kama 2012 watu wakagundua ukitumia programu fulani inakupa mawimbi yote ghafi, kuanzia megahezi 24 mpaka 1,700 na zaidi, na baadhi ya matoleo yanashuka hata chini ya hapo. Inasikiliza tu. Kurusha sauti hewani kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na wenye leseni wanaitwa watu wa redio za ridhaa, kama ngumi za ridhaa, hawalipwi, wanapenda tu. Majina ya vituo vyao hapa kwetu yanaanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X.

Kwa nini nikaiweka pamoja na darubini? Kwa sababu mawingu. Tanga ikiamua kuwa na mawingu ina mawingu, watu wameshajipanga utawaambia nini. Redio haijali wingu.

Cha kwanza ni kituo cha anga cha kimataifa. Kinapita kilomita 400 na kidogo juu, kinazunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na jioni baada ya magharibi kikipita unakiona kama nyota inayokimbia haiwaki na kuzima. Masafa ni megahezi 145.800, antena ni fimbo mbili za nusu mita kila moja zimefunguliwa kama V, nimeifunga kwenye mti wa fagio. Siku nyingi ni kimya. Ila kuna siku maalum wanarusha picha kwa sauti, ni kelele za kulia kama panya wa umeme, unaweka simu yenye programu ya Robot36 karibu na spika na picha inajichora mstari kwa mstari, dakika 2 picha moja. Ya kwanza kuipata ilikuwa nusu, imekatwa na kelele, na watoto waliipigia makofi utadhani goli. Kitu kimoja unachofundisha hapo bila kutaka, kwenye skrini alama haisimami wima, inainama, kinapokuja masafa yako juu kidogo kinapoondoka yanashuka, dereva boda akasema aah ni kama honi ya mwenzangu akinipita. Ndo hivyohivyo, sikuongeza neno.

Lakini kilichoteka mtaa ni ungo. Nyuma ya saluni kulikuwa na ungo wa zamani wa TV umelala, kinyozi akaniazima. Setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, wameweka ndani yake sehemu ya redio za ridhaa, inaitwa QO-100, imekaa palepale juu ya ikweta haitembei, inafunika kuanzia Brazil mpaka Thailand, na kwa Tanga iko juu sana upande wa magharibi, zaidi ya nyuzi 70. LNB ya kawaida, kile kichwa cha mbele ya ungo, inaishusha mpaka megahezi 739 hivi, kijiti kinaisikia. LNB inataka volti 12, nimetumia betri ya pikipiki na kile kiunganishi kinachopeleka umeme upande wa LNB peke yake, hapo usikosee waya maana utakichoma kijiti, mwenzenu nimeshachoma kimoja, huyu ni wa pili, na ndo maana nasema mke wangu anajua bei ya kimoja.

Basi usiku mmoja wa mawingu nimefungua spika, watu wanaongea, Mjerumani, Mbrazili, Msauzi, foleni imekaa kwenye kreti inasikiliza dunia. Ikaja sauti ya mzee, Kiingereza chenye Kiarabu ndani, jina la kituo linaanza na A4. Nikasema huyu yuko Oman. Bibi akainuka kwenye kigoda. "Maskati?" Nikamwambia sijui mji gani bibi, ila ni Oman. Kumbe kaka yake mkubwa yuko kule tangu ujana wake. "Mwambie anisalimie Maskati." Nikamweleza bibi hiki kijiti kinasikia tu, hakisemi. Akanitazama, akakitazama kijiti, "Kinasikia hakisemi? Basi kimelelewa vizuri." Ila alikaa mpaka saa 5, na kila sauti ya A4 ikirudi ananyoosha mkono watu wanyamaze.

Udhaifu wa kijiti uko kwenye kelele za mjini. Chaja za bei chee na taa za LED zinapiga kelele kuliko anga lote. Mimi nilikuwa na ndoto ya kuunganisha mambo yangu mawili, Mshtarii yenyewe inatoa mawimbi ya redio, iligunduliwa 1955, na watu wa kawaida wanaisikia karibu na megahezi 20 kwa waya mrefu wa mita 7 hivi. Nikafunga waya kutoka saluni mpaka kwenye mwembe, nikatangaza, watu wakaja kusikia sayari. Tulisikia chaja. Saa mbili za chaja. Nikazima friji ya jirani kwa ruhusa, tukasikia chaja nyingine. Kwa masafa ya chini nenda shamba, mtaani usijidanganye. Alafu kinachemka, ukikishika kinaunguza, kiweke nje ya jua na nje ya mikono ya watoto, tumia kebo ya USB ya kurefusha kikae mbali na laptopu.

Kama unataka kununua nisikilize hapa. Zile darubini zilizoandikwa kwenye boksi "inakuza mara 525" zenye miguu ya chuma ya antena, achana nazo, hata ukipewa bure zitakuvunjia watoto moyo. Kama hela ni ndogo chukua binokula za 10x50 (zinakuza mara 10, lenzi za milimita 50), Mwezi na Kilimia vinatosha kabisa, shida yake ni kwamba huwezi kumtegea mtu, kila mtu anaangalia kitu chake alafu anasema ameona. Kwa foleni Dobson ya mezani haina mpinzani, naipa nne kati ya tano, ile moja imeondoka na kaniki na fokasi. Kijiti naipa tatu na nusu, kingekuwa shamba ningekipa nne na nusu. Kiti, tano.

Ungo nilienda kuurudisha juzi maana ligi imeanza tena nikajua mwenyewe atautaka. Kinyozi kagoma kuupokea, anasema wanaosubiri kusikia Maskati wanaishia kunyolewa.